Migahawa midogo na bekari za Waarmenia huko Glendale: nianzie wapi, na kipi kitapikika Mwanza?

MamaLishe_Kirumba ameuliza:

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni. Ninaendesha mgahawa mdogo wa chai, chapati na supu ya sato hapa Kirumba, upande wa kuelekea Mwaloni. Mwezi ujao nitasafiri kwenda Marekani kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Yeye na mumewe wanaishi Glendale, mji uliopakana na Los Angeles upande wa kaskazini, na anasema mtaani kwao hupiti nyumba chache bila kukuta mgahawa au bekari ya Waarmenia, ila kazi na ujauzito havikumpa nafasi ya kuzifahamu.

Ningependa, mtoto akilala, nitoke kwa miguu na kuingia wanakokula watu wa mtaa wenyewe, wala si kwenye maduka makubwa ya kuku wa kukaanga. Kinachonichanganya ni kwamba binti yangu anataja mgahawa wenye mishikaki na wali, mwingine wenye mikate ya jibini, mwingine wenye mkate mwembamba uliopakwa nyama, na wote hujiita wa Kiarmenia. Je, chakula chao hasa ni kipi? Pili, mkwe wangu ni Mwislamu, kwa hiyo nitakachoingia nacho nyumbani ni lazima kiwe salama kwake. Tatu, na hili ndilo la biashara: kuna chochote ambacho mtu mwenye jiko la mkaa na kikaango cha chapati anaweza kukipika hapa Mwanza na kikapata wateja?

Mstaafu_Bwiru amejibu:

Marahaba, mama, na hongera kwa kupata mjukuu. Niliishi Los Angeles wakati wa kazi yangu kabla ya kurudi Bwiru, na Glendale nilikuwa nikienda kwa ajili ya chakula tu. Mji ule una watu karibu 200,000, na Waarmenia ni sehemu kubwa sana yao, kiasi kwamba wanahesabiwa miongoni mwa jamii kubwa kabisa za Waarmenia walio nje ya Armenia. Ila hawakutoka sehemu moja, na hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Wapo waliotoka Iran, hasa baada ya mapinduzi ya mwaka 1979. Wapo waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Lebanon vilivyoanza mwaka 1975. Na wapo waliotoka Armenia yenyewe katika miaka ya mwisho ya Umoja wa Kisovyeti na baada ya kuvunjika kwake mwaka 1991. Kila kundi lilihama na jiko lake.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kinachopikwa, uliza familia ya mwenye mgahawa ilitokea nchi gani. Ukiletewa sinia la wali mrefu wenye zafarani na mshikaki wa nyama ya kusaga, jua hao ni wa Iran, na mgahawa unaojulikana sana kwa chakula hicho ni Raffi's Place, ulioko East Broadway. Meza ikijaa visahani vya rojo la dengu na ufuta, biringanya iliyochomwa na saladi ya majani yaliyokatwakatwa, hao ni wa Lebanon, na mfano wake ni Carousel katika barabara ya Brand. Nyama yenye mifupa iliyochomwa kwa makaa, ikiambatana na nyanya, pilipili hoho na biringanya zilizochomwa nzima, huitwa khorovats, na hiyo ndiyo fahari ya waliotoka Armenia. Raffi's Place na Carousel ni migahawa mikubwa ya familia nzima kukaa. Inayokaribia zaidi mgahawa wa mtaani kama tunavyouelewa sisi ni Mini Kabob, yenye meza chache mno, ambako wateja wengi huchukua chakula chao na kuondoka.

Ukikuta harisa, usiiache. Ni ngano na nyama vilivyopikwa kwa saa nyingi hadi vikavurugika pamoja, na mtu wa pwani angeiita bokoboko bila kusita.

Kuhusu malipo, bei iliyoandikwa kwenye menyu haijajumuisha kodi, na ukihudumiwa mezani unatarajiwa kuacha bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Ikiwa utakuwepo tarehe 24 Aprili, usipange matembezi ya chakula siku hiyo, kwa kuwa Waarmenia huwakumbuka ndugu zao waliouawa katika mauaji ya kimbari yaliyoanza mwaka 1915 chini ya dola ya Uthmaniya, na maduka yao mengi hufungwa.

BintiBekari_Nyegezi amejibu:

Shikamoo mama. Nakubaliana na mzee kuhusu asili za familia, lakini kwa mtu anayekwenda kujifunza biashara, migahawa ya kukaa ningeiachia jioni moja tu, tena mkwe akilipa. Shule yako ni bekari, na saa zake ni asubuhi. Nilikuwa msaidizi katika bekari moja ya huko nilipokuwa masomoni, na ninachoandika hapa ni kile nilichokikanda kwa mikono yangu.

Cha kwanza kununua ni lahmajo, ule mkate mwembamba uliopakwa nyama. Unga husukumwa mwembamba kuliko chapati yetu, hupakwa nyama iliyosagwa pamoja na nyanya, pilipili hoho na viungo hadi ukingoni kabisa, kisha huingizwa kwenye tanuri kali kwa dakika chache. Wenyeji huununua kwa dazeni, mikate ikiwa imepangwa uso kwa uso ndani ya karatasi, na hula kwa kukamulia limau na kuukunja. Jirani yake kwenye kaunta utaona boreg, yaani vitobosha vya jibini vyenye ngozi ya tabaka tabaka, na gata, mkate mtamu wenye kijazo cha siagi, unga na sukari. Mkate wao mnene wa kila siku ni matnakash, ambao huchorwa mifereji kwa vidole kabla ya kuokwa.

Lavash, mkate wao mpana na mwembamba, nayo utaiona kila mahali, na pengine itakutamanisha kuliko yote, lakini hiyo usiipangie bajeti. Kwa asili hubandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo lililochimbiwa ardhini, liitwalo tonir, kwa kutumia mto mgumu ambao unga hutandazwa juu yake, na huiva kwa muda usiozidi dakika moja. Ni ufundi uliowekwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za utamaduni mwaka 2014. Kwa kawaida kinamama kadhaa hushirikiana: mmoja anasukuma, mmoja anatandaza, mmoja anabandika. Ikikauka hudumu kwa miezi, nao huirejesha kwa kuinyunyizia maji. Lakini kwa mtu mmoja, na kwa bei ya mkaa ya Mwanza, hesabu haikubali.

Kinachokufaa wewe ni zhingyalov hats. Ni mkate uliojazwa majani mabichi mengi ya aina mbalimbali, wa watu wa Nagorno-Karabakh, au Artsakh kama wenyewe wanavyoiita, eneo ambalo zaidi ya Waarmenia 100,000 walilikimbia mwezi Septemba 2023. Katika East Broadway hiyohiyo ya Raffi's Place kuna duka liitwalo Zhengyalov Hatz, ambalo kazi yake karibu yote ni mkate huo. Hauokwi ndani ya tanuri. Huivishwa juu ya chuma bapa, na chuma hicho wewe tayari unacho.

Foleni ndefu utakayoiona nje ya Porto's, katika barabara ya Brand, si ya Waarmenia. Hiyo ni bekari ya Wakuba. Pita tu, au ingia siku nyingine.

AbuNyakato amejibu:

Assalaam alaykum. Nitajibu la mkwe, kwa sababu lisipoangaliwa linaweza kuleta ukakasi nyumbani. Waarmenia kwa sehemu kubwa ni Wakristo wa Kanisa la Kitume la Armenia, na nyama ya nguruwe ni ya kawaida sana katika khorovats. Migahawa mingi huweka nguruwe, kondoo, ng'ombe na kuku kwenye menyu moja, na mara nyingi juu ya makaa yaleyale, hivyo kuagiza kuku peke yake hakumalizi jambo.

Lahmajo kwa kawaida ni ya ng'ombe au kondoo, na basturma, ile nyama iliyokaushwa na kupakwa uwatu, pilipili nyekundu na kitunguu saumu, ni ya ng'ombe. Swali linalobaki ni la uchinjaji. Baadhi ya maduka hutumia nyama halali na mengine hayatumii, na jina la mgahawa halitakueleza. Muulize muuzaji waziwazi, naye atakujibu bila kuona ajabu. Penye mashaka, mnunulie mkwe vya jibini au huo mkate wa majani uliotajwa na dada. Wenyewe huula hata wakati wa Kwaresima, kwa sababu hauna nyama, maziwa wala mayai.

Mvuvi_Ukerewe amejibu:

Mama anauza sato, kwa hiyo naongeza la samaki kwa ufupi. Armenia haina bahari, ila ina ziwa kubwa liitwalo Sevan, na samaki wake wa heshima ni ishkhan, wa jamii ya trauti. Katika miaka ya 1920 walipandikizwa humo samaki wengine kutoka Ziwa Ladoga la Urusi, nao wakashamiri huku ishkhan wa asili akipungua hadi kuwa hatarini. Sisi tuliopandikiziwa sangara katika miaka ya 1950 na kuwaona furu wetu wakitoweka hatuhitaji kueleweshwa zaidi. Ukimkuta ishkhan kwenye menyu huko, mara nyingi atakuwa trauti wa kufugwa.

MamaLishe_Kirumba ameandika:

Nawashukuru sana nyote, na mzee wangu wa Bwiru nimepokea pongezi. Binti yangu wa Nyegezi, huo mkate wa majani umenikaa kichwani. Hapa tuna mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga na mgagani. Je, yatafaa, na majani yetu hayatatoa maji yakaulowesha unga?

BintiBekari_Nyegezi amejibu:

Yatatoa maji mama, na hapo ndipo kazi ilipo. Osha majani mapema, yaanike kivulini hadi yasidondoshe hata tone, ndipo uyakate madogo sana. Usiyachemshe. Tia mafuta kwanza ili yafunike majani, kisha kitunguu cha majani, giligilani na pilipili. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, uitie kwa kiasi cha mikate unayoiunda wakati huohuo, kwa kuwa chumvi ndiyo inayovuta maji, na bakuli lililotiwa chumvi mapema litakuwa mchuzi kabla hujamaliza kusukuma. Mchicha na majani ya maboga machanga ndiyo yawe mengi. Majani ya kunde chagua machanga tu, maana yaliyokomaa ni magumu na hayatawahi kuiva. Mgagani uwe kidogo, kwa ajili ya ule uchungu ambao Wasukuma tunaupenda lakini mteja mgeni hataupenda.

Unga ni wa ngano, maji na chumvi, bila hamira. Sukuma duara jembamba, rundika majani katikati, kutanisha kingo mbili juu yake na uzibane kwa vidole kutoka ncha hadi ncha, kisha ugeuze upande wa mshono uwe chini na uubonyeze kwa kiganja hadi uwe bapa lenye umbo la mtumbwi. Choma kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, ukianza na upande wa mshono. Ukitaka kinywaji cha kuuambatanisha, wao hunywa tan, ambayo ni mtindi uliopunguzwa makali kwa maji na kutiwa chumvi, na mtindi Mwanza hauna shida.

Ukipata nafasi ya kuwaona wakiunda pale East Broadway, angalia hasa kiasi cha majani wanachoweka kwa donge moja la unga. Majani huzidi unga kwa mbali sana, na wauzaji wengi wa huku watataka kuyapunguza ili waharakishe kazi. Yakipungua, utakuwa unauza chapati nene tu.