Shule imempigia simu afisa wa kaunti: nini kinafuata hapa Minnesota?

Kutoka: Baba wa watatu, Brooklyn Park

Habari za jioni wanajumuiya. Naomba ushauri, na mnijibu hapa mbele ya wote, maana najua si mimi peke yangu. Juzi afisa wa kaunti anayeshughulikia usalama wa watoto alimhoji mwanangu wa darasa la pili shuleni, sisi wazazi hatuna habari. Tulijua jioni, afisa alipogonga mlango. Bibi yake yuko kwetu kwa matembezi na alimchapa mwiko, ukaacha alama pajani. Mtoto alipovaa bukta ya michezo mwalimu akaiona, akapiga simu. Ni mwalimu tunayesalimiana naye kila asubuhi, na hakutuuliza neno. Hivi sheria inaruhusu? Wengine wananiambia nimhamishe shule, wengine nimfundishe mtoto aseme alianguka. Mama yake hapati usingizi.

Kutoka: Msaidizi wa darasa, Brooklyn Center

Pole sana kaka, na umfikishie mama watoto pole yangu. Nafanya kazi katika shule ya msingi, na kila mwaka kabla ya shule kufunguliwa tunakalishwa chini kukumbushwa sheria hii. Nitaeleza ninachokijua, kwa shauri lenu wenyewe tafuteni wakili.

Mtoto usimhamishe. Na nakuomba kwa moyo wote, usimfundishe uongo. Nitafika hapo.

Mwalimu hakuwa na hiari. Sheria ya Minnesota imewataja walimu, madaktari, wauguzi, polisi, walezi wa watoto wanaolipwa, hata viongozi wa dini kwa habari wasizozipata katika maungamo, kwamba wanalazimika kutoa taarifa. Mwalimu akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba mtoto anadhulumiwa au amepuuzwa, au yalimpata hayo ndani ya miaka 3 iliyopita, lazima apige simu kaunti au polisi ndani ya saa 24. Baada ya hapo anaandika ripoti ndani ya saa 72, bila kuhesabu wikendi na sikukuu. Hatakiwi kupeleleza wala kusubiri awe na uhakika. Kumwambia mwalimu mkuu hakumtoi kwenye wajibu huo, ni wake mwenyewe. Akinyamaza ametenda kosa la jinai. Akipiga simu kwa nia njema sheria inamkinga, hata kama mwishowe hakuna kilichoonekana.

Najua panapouma ni pale pa kutoulizwa. Kwetu mwalimu angemwita mzazi, yakaongelewa, yakaisha. Lakini chukua mtoto ambaye anayemuumiza ndiye anayempokea jioni. Mwalimu akianza kwa kupiga simu nyumbani, mtoto huyo anarudi kwa mtu aliyekwisha kuonywa na mwenye muda wa kumtisha. Kwa ajili ya huyo, sheria inairuhusu kaunti kumhoji mtoto shuleni bila ruhusa ya mzazi, na inawakataza watumishi wa shule kumweleza mzazi chochote mpaka kaunti iwaandikie kwamba uchunguzi umekwisha. Ninyi mna haki ya kujulishwa kwamba mahojiano yalifanyika, ila sheria inaipa kaunti nafasi hadi mwisho wa uchunguzi kufanya hivyo. Kwa hiyo mwalimu wenu akikwepa macho yenu asubuhi, msidhani amewageuka. Amefungwa mdomo.

Sheria hizi hazikutungwa kwa ajili yetu wageni. Mwaka 1962 daktari C. Henry Kempe wa Colorado na wenzake waliandika juu ya watoto wadogo waliofikishwa hospitali wakiwa na mifupa iliyovunjika, na maelezo ya wazazi hayaendani na majeraha. Kufikia 1967 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kutoa taarifa, na mwaka 1974 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya nchi nzima inayoyataka majimbo yawe nayo ili yapate fedha za serikali kuu. Hata Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye habari wajibu wa kuzipeleka serikali ya mtaa. Hatuwezi kusema ni mambo ya wazungu.

Sasa shauri lenu. Kaunti ikipokea simu huamua kwanza kama jambo linaingia kwenye sheria. Simu nyingine huishia hapo na mzazi hajui kamwe. Linaloingia hupita moja ya njia mbili. Ya kwanza ni tathmini ya familia, kwa mambo yasiyo mazito: wanazungumza nanyi, wanaangalia usalama wa mtoto, wanaona kama mnahitaji msaada, wala hawatoi uamuzi kwamba fulani amemdhulumu mtoto. Ya pili ni uchunguzi kamili, kwa mambo ya ngono au hatari kubwa, nao huisha kwa uamuzi. Zote mbili zinatakiwa kumalizika ndani ya siku 45. Ukipata barua ya uamuzi usiokubaliana nao, una siku 15 tangu kuipokea kuomba uangaliwe upya, na hizo ni siku za kalenda, wikendi zimo. Muulize afisa leo hii: ni njia gani? Mwandike jina, cheo na tarehe.

Kuhusu fimbo, sheria ya Minnesota haijamkataza mzazi adhabu ya wastani isiyomuumiza mtoto. Jeraha ndilo linalobadilisha mambo. Alama ya mwiko iliyovimba, inayoonekana siku ya pili, tayari ni jeraha. Ngumi, teke, kumchoma, kumkata, kumpiga mtoto wa chini ya mwaka mmoja usoni au kichwani, hapo hakuna mjadala wowote. Maoni yangu mimi niliyelelewa kwa kiboko: mwiko, mkanda na ndara viachwe, na bibi aelezwe kwa heshima lakini waziwazi, na baba mwenye nyumba, siku ileile anapofika. Kumwachia mkwe kazi hiyo ni kumwonea.

Watu wanaogopa mno kwamba mtoto atachukuliwa. Hapa Minnesota afisa wa kaunti hawezi kumchukua mtoto kwa uamuzi wake. Ni polisi, au amri ya mahakama. Na akichukuliwa, lazima shauri lifike mbele ya hakimu ndani ya saa 72, wikendi na sikukuu hazihesabiwi, na mzazi asiyemudu gharama anapewa wakili. Afisa akija bila amri ya mahakama huna lazima ya kumfungulia, ingawa anaweza kwenda kuitafuta. Wengi wamefungua mlango na hawakujuta: ataangalia mtoto analala wapi, friji ina nini, king'ora cha moshi kinafanya kazi au la. Lakini polisi wakishahusika na maswali yakawa ya jinai, nyamaza mpaka wakili afike. Nalisema hili kwa sababu ya vibali vyetu. Kutiwa hatiani kwa kosa la kumdhulumu au kumtelekeza mtoto ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata ukiwa na kadi ya kijani. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 2010, katika shauri la Padilla, kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kukueleza madhara ya uhamiaji kabla hujakiri kosa. Asipokueleza, muulize wewe. Usikiri lolote ili tu mambo yaishe haraka.

Nije kwenye uongo. Wanaowahoji watoto wamefunzwa kazi hiyo, na mtoto wa miaka saba anayerudia maneno ya kupewa anajulikana mara moja. Mlichonacho ni jambo dogo lenye maelezo, na uongo utalifanya kubwa. Lakini hilo silo linalonitia uchungu. Mtoto aliyefundishwa na wazazi wake kwamba yanayouma hayasemwi, siku atakaposhikwa vibaya na mjomba, na mpangaji, na kijana wa kwaya, hatawaambia. Mtakuwa mmemfundisha wenyewe kunyamaza. Mwambieni: sema kweli, hujakosa.

Kutoka: Mkalimani, Rochester

Naongezea machache. Mkalimani ni haki yenu na hamlipi. Msikubali mtoto mkubwa, shemeji au jirani atafsiri. Kama mkalimani aliyeletwa mnasali naye kanisa moja, ombeni mwingine, hakuna atakayechukia.

Adabu zetu hutuponza. Nimekaa na baba mmoja mtu mzima aliyeitikia kila swali kwa kutikisa kichwa, akimheshimu afisa, na afisa anaandika kwamba amekubali yote. Usipoelewa sema hujaelewa. Na mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa, kwetu amelelewa vizuri, hapa anaweza kuonekana ana hofu. Mweleze afisa.

Jambo la tatu, alama za mwilini. Watoto wetu wengi huzaliwa na mabaka ya bluu kiunoni na matakoni, yanafanana kabisa na alama za kuvilia damu. Daktari wa mtoto ayaandike kwenye faili tangu uchanga, na mlezi mumwonyeshe siku ya kwanza. Chale za mganga na alama za kuumikwa hali kadhalika: zikiwepo, ziwe na maelezo kabla hazijaulizwa.

Kutoka: Mzazi, Saint Paul

Dada, nakuheshimu, lakini unawatetea sana. Mtoto mweusi akiwa na mkwaruzo ni simu. Wa jirani zetu anadondoka kwenye baiskeli kila wiki hakuna anayeuliza. Familia zetu zinavunjwa.

Kutoka: Msaidizi wa darasa, Brooklyn Center

Kaka, hilo sikatai. Watoto weusi wamekuwa wakitolewa majumbani mwao kupita uwiano wao, na jimbo lenyewe limekiri. Mwaka 2024 Minnesota ilipitisha sheria ya kulinda familia zenye asili ya Afrika, na inawahusu pia watoto ambao mzazi wao ametoka Afrika. Inaitaka kaunti ifanye juhudi za kweli kuiweka familia pamoja kabla ya kufikiria kumwondoa mtoto. Imeanza katika kaunti za Hennepin na Ramsey mwaka 2025, jimbo zima ni 2027. Wewe uko Ramsey, kwa hiyo ukifikwa na jambo mwulize wakili wako kuhusu sheria hiyo siku ya kwanza.

Ila naomba tusiishie kwenye malalamiko. Sheria hiihii ndiyo tunayoitumia pale mtoto wetu anapoumizwa na mtumishi wa shule. Taarifa za namna hiyo huenda Idara ya Elimu ya jimbo, na mzazi yeyote anaweza kupiga simu mwenyewe. Tena wapo watoto humu ndani ya jumuiya yetu wanaoumizwa kweli, tunajua, na tunakaa vikao vya wazee mpaka aliyemharibu binti anaombewa msamaha mbele ya binti huyohuyo. Mtoto wa namna hiyo mwalimu wake ndiye mtu pekee asiyehudhuria kikao chetu. Namshukuru Mungu kwamba yupo.

Kutoka: Mama wa mapacha, Brooklyn Park

Samahani kuingiza lingine. Desemba tunakwenda Kisumu wiki sita, mapacha wana miaka tisa. Shule inaweza kuturipoti kwa hilo? Na nikiwa zamu ya usiku, naweza kuwaacha wenyewe?

Kutoka: Msaidizi wa darasa, Brooklyn Center

Mama, kuwaacha usiku hapana. Sheria haina umri maalumu, lakini mwongozo ambao kaunti huufuata unasema wa miaka 7 kushuka haachwi hata kidogo, na wa miaka 8 hadi 10 wakiachwa zaidi ya saa 3 ni jambo la kuripotiwa. Zamu yako inazidi hapo.

Safari: mtoto wa chini ya miaka 12 akikosa siku 7 za shule bila ruhusa, sheria inamhesabia mzazi kuwa amepuuza elimu yake, na shule inaweza kuripoti. Andika barua kabla hujakata tiketi, taja tarehe za kwenda na kurudi, omba kazi za darasa, upate jibu la maandishi. Akikosa siku 15 mfululizo shule itamwondoa kwenye orodha, kwa hiyo mkirudi mtawaandikisha upya. Karatasi zao za chanjo ziacheni mahali mtakapozipata.