Semina za vijijini kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu: zinamwokoa nani?

Mleta mada: Nimehudhuria mikutano hii mara nne. Mabango yanabandikwa, hotuba zinasomwa, tunasaini mahudhurio, gari linaondoka. Hazijapita wiki mbili binti anachukuliwa, na aliyemchukua alikuwa amekaa mstari wa mbele siku ile ya semina. Elimu hii inafika kweli? Na tusifichane, wazazi wengine tamaa imewaponza.

Mtoto wa Mkulima: Neno "tamaa" lifute. Mama alimtoa dada yangu akiwa na miaka 13, hakupokea hata senti. Aliyekuja ni shangazi yetu, akasema atamsomesha mjini. Usiku ule mama aliandika namba ya simu ya jirani kwenye karatasi, akaishona ndani ya pindo la gauni. Mwenye tamaa hashoni namba kwenye pindo.

Mpenda Sheria: Pole sana. Ila nia ya mama haiondoi kosa la aliyemchukua. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, iko wazi: aliye chini ya miaka 18 akichukuliwa ili atumikishwe, huo ni usafirishaji haramu hata kama hakudanganywa wala kulazimishwa.

Mtoto wa Mkulima: Nani kakuuliza habari za itifaki? Mama yangu ameitwa mwenye tamaa hapa, nawe unaniletea vifungu!

Mwalimu Mstaafu: Taratibu wanangu. Hilo neno lenyewe lina shida. Nilikuwa mkalimani kwenye semina moja, nikasema "usafirishaji haramu". Mzee mmoja akainuka: "Mwalimu, mimi sina hata baiskeli, nisafirishe nini?" Tangu hapo nikaacha. Nikawa nawapa maswali ya kumuuliza anayekuja kuchukua mtoto: atalala wapi? Vyeti vyake atashika nani? Mshahara atapewa nani mkononi? Hapo walinielewa.

Mleta mada: Nilisema wazazi WENGINE. Someni vizuri.

Dada Mkubwa: Tumesoma vizuri. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria watu milioni 27.6 kwenye kazi za kulazimishwa mwaka 2021. Hao nao wote waliponzwa na tamaa za mama zao? Mbona wanaowafungia ndani na kuwala mishahara huwataji?

Mleta mada: Sawa, nimekosea neno. Mtoto wa Mkulima, uniwie radhi. Dada alirudi?

Mtoto wa Mkulima: Baada ya miaka sita. Gauni alilifua wiki ya kwanza, karatasi ikalowa, wino wote ukatoka. Alibaki anapapasa pindo tu.

Mwalimu Mstaafu: Basi wafundishwe kuikariri. Darasani kwangu tuliimba namba za nyumbani kila asubuhi, hadi wale wa darasa la kwanza.

Dada Mkubwa: Na ambaye kwao hakuna simu, Mwalimu, akariri ya nani?