Chuo cha afya hapa Moshi kimetufelisha kwa majibu ya uongo, tukilalamika tunaambiwa wakorofi

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Nipo mwaka wa kwanza stashahada, chuo kimoja cha afya hapa Moshi. Jina naliacha maana bado nasoma hapo. Tulipewa tesiti ya kupima msingi wa baiolojia na kemia kabla ya kuanza maabara. Wazo lenyewe zuri, sina ugomvi nalo, kuna watu darasani hawajagusa kemia tangu kidato cha nne. Matokeo yakabandikwa ubaoni, majina na maksi hadharani, na waliofeli wakaambiwa walipie masomo ya ziada ndipo waruhusiwe maabara.

Tukaomba kuona pepa zilizosahihishwa. Hapo ndipo nilipochoka.

Swali: myeyusho wa pH 3 una asidi mara ngapi kuliko wa pH 6? (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inapanda.) Jibu la mkufunzi: mara 2. Yaani mtu kachukua 6 kagawa kwa 3! Kila hatua moja ya pH ni mara 10, hatua tatu ni mara 1,000. Aliyeandika 1,000 kakoseshwa, aliyebahatisha 2 kapewa vema.

La pili ndilo lililonitoa machozi. Seli nyekundu za damu zikitiwa kwenye maji matupu yasiyo na chumvi, nini kinatokea? Majibu yao yanasema zinasinyaa. Jamani! Maji yanaingia ndani ya seli kwa osmosisi, yaani maji hufuata upande wenye chumvi nyingi, zinavimba mpaka zinapasuka. Kusinyaa ni kwenye maji yenye chumvi nyingi kupita kiasi. Ndiyo maana dripu ya chumvi inatengenezwa kwa gramu 9 za chumvi kwa lita moja, si kwa kukadiria. Hili si jambo la maksi tu. Sisi ndio tutakaokuwa wodini kesho, na mgonjwa akitiwa maji matupu kwenye mshipa anaweza kufa.

Kuna na lile la kromosomu za mbegu ya kiume, wameandika 46 badala ya 23. Nalipita.

Tulipokwenda ofisi ya taaluma na vitabu mkononi, hakuna aliyevifungua. Tuliambiwa majibu yameshapitishwa, anayetaka kusahihishiwa upya alipie. Dada mmoja tuliyekuwa naye, mama yake anauza ndizi Mbuyuni, aliuliza kwa adabu kabisa alipie kosa la nani. Akatolewa nje.

Na maswali yenyewe yangeweza kuwa ya maana. Huku kwetu, hasa upande wa Arusha na Meru, maji yana floridi nyingi, watoto wana meno ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mwambie mwanafunzi ageuze hizo kuwa moli, kile kipimo cha kiasi cha kemikali, aeleze floridi inafanya nini kwenye jino linalokua. Hapo utajua nani anaelewa na nani amekariri.

Tunachotaka: pepa zote zisahihishwe upya na mwalimu wa nje, bila malipo, na ile karatasi ubaoni ishushwe. Mwenye kujua utaratibu wa kupeleka malalamiko NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo kama hiki chetu, bila majina yetu kufika chuoni, aje PM. Picha za pepa ninazo.