Vidonge vya kusafisha mitokondria: wauzaji waachwe wawauzie wazee wetu?

Mleta mada:
Wakuu habari za leo. Juzi nimemkuta mzee wangu, ana miaka 71, barazani anameza kidonge na chai ya rangi, kopo limeandikwa yurolithini A (kemikali inayouzwa kama kirutubisho), aliyemuuzia kamwambia kinafagia mitokondria mbovu na nguvu za ujana zinarudi. Hela aliyonunulia ni ile niliyomtumia ya dawa za presha. Imeniuma sana.

Sasa sayansi yenyewe ipo. Mitokondria ndo zinaipa seli nguvu, na kila moja ina chaji kwenye utando wake, ikiwa nzima protini inayoitwa PINK1 inavutwa ndani na kukatwakatwa, ila chaji ikiisha PINK1 inanasa nje, inaita nyingine inaitwa Parkin, zinaibandikia ile mitokondria alama ya kutupwa, inafungwa kwenye kifuko, inapelekwa lisosomu, yaani sehemu ya seli inayosaga taka, kusagwa na malighafi yake inatumika tena. Wenye hitilafu kwenye jeni za hizo protini wanaweza kupata Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, mapema, wengine hata kabla ya miaka 40, kwahiyo huu usafi ni jambo kubwa kweli. Ila kutoka hapo mpaka kwenye kopo ni mbali jamani. Utafiti wa 2016 wa hiyo yurolithini A, uliofanyika Lausanne kule Uswisi, uliongeza maisha kwa asilimia 45, lakini ni ya minyoo midogo ambayo inaishi wiki chache tu!

Mchangiaji:
Mkuu umeacha nusu. Kuna jaribio la Marekani lilitoka 2022, wazee 66 wa miaka 65 hadi 90, wengine walipewa miligramu 1000 za yurolithini A kila siku kwa miezi 4, na baada ya miezi 2 misuli yao ya mkono na mguu ilikuwa inachelewa kuchoka kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hicho si kitu? Mzee akingoja ushahidi ukamilike umri hautamngoja, mwacheni anunue.

Mleta mada:
Ndugu yangu jaribio hilo nalijua, lisome lote. Vipimo vikuu walivyojiwekea tangu mwanzo vilikuwa umbali mzee anaotembea kwa dakika 6 na uwezo wa misuli kutengeneza nguvu, na kwenye vyote viwili hawakupata tofauti ya maana, maana hata wasiopewa dawa umbali wao uliongezeka. Hilo muuzaji hakumwambia baba. Na mazoezi nayo yanaamsha huo usafi kwenye misuli, sasa hivi alfajiri natoka naye mpaka sokoni na kurudi, siku ya kwanza alipumzika mara tatu akiwa ameshika goti.

Mi sisemi vifungiwe. Nasema muuzaji alazimishwe kuandika kwenye kopo, kwa Kiswahili kinachosomeka, kwamba vipimo vikuu vya jaribio hilo havikuonyesha tofauti, na asiruhusiwe kutaja ujana. Anayepinga hili aje na hoja, nipo.