Mgeni ndiyo kwanza yuko getini: jicho linaweza kujua nani atafika Uhuru, kilele cha Kilimanjaro?

Kijana wa Kiboriloni:

Habari zenu wadau, na shikamoo kwa wakubwa mliopo. Msimu huu nimepandishwa, kutoka mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, hadi msaidizi wa mwongozaji, na bosi ameniachia pia kazi ya kujibu barua pepe za wageni. Hapo ndipo penye swali langu.

Tuna makundi mawili yanakuja, yote njia ya Marangu, yote yameomba siku tano. La kwanza ni vijana wawili wanaokimbia marathoni. Wametuma picha, tumbo hakuna kabisa, mapaja yamejengeka. La pili ni mama wa miaka sitini na kitu, mnene, ameandika kwamba goti moja linamsumbua na kwamba fimbo atakodi hukuhuku. Bosi kaangalia picha akasema mama ashauriwe kuongeza siku ya sita, vijana waacheni walivyo. Wenzangu wa jikoni wameshawekeana dau la soda, na hakuna hata mmoja anayeamini mama atafika hata Gilman's, pale ukingoni mwa kreta kabla ya Uhuru.

Mimi sina uhakika. Nilipokuwa mgumu wageni niliwaona migongo tu, mzigo kichwani, nawapita kuwahi kambi. Nyie mliowaongoza, jicho la siku ya kwanza mnaliamini?

Mangi wa Marangu:

Marahaba kijana, na hongera. Bosi wako simjui, lakini hiyo siku ya sita wanaihitaji wote watatu, na ningeambiwa nichague wa kuanza nao ningeanza na hao vijana.

Itazame njia yenyewe. Kambi ya Mandara ni mita 2,720, ya Horombo 3,720, ya Kibo 4,720. Kila siku unapanda karibu mita elfu moja, halafu usiku wa manane unaamshwa uongeze nyingine karibu 1,200 hadi Uhuru, 5,895, ambako pumzi moja inakupa kama nusu tu ya oksijeni unayoivuta ukiwa Tanga. Damu na mapafu vinahitaji muda kuizoea hali hiyo, na muda haununuliwi kwa mazoezi. Mtu anaweza kukimbia Kilimanjaro Marathon akamaliza anacheka, lakini Moshi mjini iko chini ya mita 1,000. Mapafu yake bado hayajaulizwa swali lenyewe.

Desemba 2010 alikuja Martina Navratilova, aliyechukua Wimbledon ya mchezaji mmoja mmoja mara tisa. Nani getini angemtilia shaka? Mapafu yakaanza kujaa maji kabla hajafika kileleni, akateremshwa na wapagazi, akapelekwa hospitali Nairobi. Halafu 2019 akapanda bibi wa Kimarekani, Anne Lorimor, ana miaka 89. Alifika Uhuru. Wapange hao wawili getini uwape jikoni wawekee dau, uone soda zitakavyopotea.

Lakini sikwambii jicho ni bure. Nakwambia linakuzubaisha mahali pabaya. Ukimwona mtu ana nguvu unaacha kumuuliza maswali, na hiyo ndiyo hatari yake. Mama mwenye goti utamzungukia siku nzima: umekunywa maji? kichwa vipi? umekula? Naye anakwambia kila kitu, hata usichouliza, mpaka habari za mkwewe. Kijana wa marathoni humuulizi, na yeye hasemi, maana ana aibu mbele ya mwenzake.

Niliwahi kuwa na wa namna hiyo. Njia nzima ya Horombo wanashindana na wagumu, pole pole hawataki kuisikia, wamefika mpishi hata jiko hajaliwasha. Picha, kelele, furaha. Jioni mmoja kasukuma bakuli la supu, anasema hana njaa. Mimi supu ikisukumwa nasogeza kiti. Nikamwambia atembee kwenye mstari, kisigino kiguse kidole, akawa anayumba kama mtu aliyetoka kwenye mbege. Hapo hakuna mjadala wala kusubiri asubuhi: unashuka na mtu wako usikuusiku. Tulipofika Mandara alishaanza kupata nafuu, akawa analalamika tumemwonea.

Kwa hiyo mimi mgeni namsoma kuanzia siku ya pili mchana. Anakunywa maji bila kuambiwa? Ukisema pole pole anapunguza, au anapunguza ukiwa unamtazama tu? Anamaliza chakula? Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, kinasaidia, lakini sahani inasema mapema zaidi.

Dada wa Mabuti:

Mangi shikamoo. Mimi nakodisha vifaa mjini, kwa hiyo hao wote hupitia kwangu kabla hawajafika kwako, na jicho langu halianzii kwenye tumbo. Linaanzia miguuni. Anayekuja na buti za bei mbaya zimetoka dukani, hata mkunjo kwenye vidole hazina, huyo namhurumia: malengelenge siku ya pili, na wakati wa kushuka kucha zinakuwa nyeusi. Anayekuja na buti zimechakaa lakini zimekunja vizuri, amezipaka mafuta, kamba amebadilisha, huyo katembea nazo. Muulize mama kama viatu ni vyake. Fimbo tutampa, goti litashukuru zaidi wakati wa kuteremka.

Na koti msilihukumu. Wapo wagumu wanaopanda na koti la mitumba la soko la Memorial, Moshi, linalozuia upepo kuliko la mgeni.

Dereva Sakina, Arusha:

Mnampamba mama mno. Mimi nimewarudisha hotelini wazee walioenda pole pole, wakanywa maji, wakala vizuri, na bado Kibo waligeuzwa. Na vijana waliokimbia njia nzima wakafika pia nimewabeba. Ongezeni siku kwa wote na msiseme huyu atafika yule hafiki, mlima haujasaini mkataba na mtu.

Kijana wa Kiboriloni:

Asante sana wakuu. Dereva nimekuelewa. Sasa shida ni barua: hawa vijana nikiwaambia waongeze siku watahisi nawaita wanyonge, au nataka hela zao. Mangi, ungeandikaje?

Mangi wa Marangu:

Habari za mwili usiziguse kabisa. Waandikie urefu wa kambi, moja chini ya nyingine, namba tupu. Mkimbiaji anaheshimu namba. Kisha waeleze siku ya ziada inafanya nini: unalala Horombo usiku wa pili, mchana unapanda kuelekea kilele cha Mawenzi hadi kwenye miamba ya Zebra Rocks, unarudi kulala chini. Barua hiyohiyo mtumie na mama, neno kwa neno, ili bosi asiseme umebagua wateja. Na malipo ya hifadhi na ya wagumu kwa siku hiyo yaandike humohumo sasa hivi. Mgeni akiambiwa bei mpya geti la Marangu, mvua inanyesha, atakununia mpaka Kibo.