Mada: Ujasiriamali uingizwe kwenye sayansi ya shule ya msingi?

Kibatali: Wakuu, mtoto akijifunza jinsi mafuta na kostiki soda vinavyogeuka sabuni, kwa nini hapo hapo asipige hesabu ya gharama, akafungasha, akauza? Mimi naunga mkono. Kikwazo ni walimu tu, wengi hawajawahi kuuza hata kalamu.

Mwl. Darubini: Hata kalamu? Ndugu, nani aliyekufundisha hiyo hesabu ya gharama unayojitapa nayo?

Kitasa: 😂 Kibatali kapigwa na chaki.

Mama Pacha: Mnachekeana wakati mtu anataka kumpa mtoto wa miaka kumi kostiki! Ile inaunguza ngozi na kupofusha macho. Ukimwagia maji inachemka yenyewe.

Kibatali: Mama Pacha, soda ndiyo inatiwa kwenye maji, siyo maji kwenye soda. Ndiyo maana tunataka wafundishwe.

Mama Pacha: Anza na wako.

Nusu Shari: Mnapita pembeni. Jaribio la sayansi linabadilisha kitu kimoja kwa wakati, linapima, linaandika. Mfanyabiashara mchanga hubadilisha harufu, rangi na bei siku moja, mauzo yakipanda hajui kilichoyapandisha. Kubadilisha kimoja na kupima, huo ndio ujasiriamali uliomo ndani ya sayansi tayari, wala hauhitaji kostiki. Mbegu kwenye makopo zinatosha.

Kitasa: Sawa profesa. Swali langu: hiyo sabuni ikiuzwa, hela anashika nani?

Mwl. Darubini: Nilijua tutafika hapo. Mwalimu mwizi, siyo?

Kitasa: Sijataja mtu, mwalimu. Umejitaja.

Mwl. Darubini: Darasa zima, kopo moja la kupimia, kipindi kimoja, halafu nigeuke mhasibu na afisa masoko? Na sabuni ya kutengeneza bila kupika hukaushwa wiki 4 hadi 6. Mtihani utaisubiri?

Kibatali: Visingizio.

Tumbili Mstaafu: Mtoto anayejua umeme haupiti kwenye plastiki ana faida kuliko anayejua kubandika lebo. Mwacheni awe mtoto kwanza.

Mama Pacha: Tumbili leo umesema.

Kibatali: Kwa hiyo wasiuze chochote hadi wazeeke?

Kitasa: Turudi kwenye hela. Mweka hazina achaguliwe na wanafunzi, mwalimu asiguse.

Mwl. Darubini: Wewe ulipokuwa kiranja ulikusanya michango. Uliwahi kusoma mapato mbele ya darasa?

Kitasa: Mwalimu, hayo ni mambo binafsi.