Nyie mnaopiga picha Amu, jicho halizoei?

mwana_langoni:
Asalaam aleikum wenzangu. Mimi mzaliwa wa hapahapa Lamu na napenda sana kupiga picha na simu, sio jahazi na machweo ambayo kila mtu anayo, mimi napenda vitu vya hivihivi tu, mzee kakaa barazani ashona kofia ya vito, ile ya vitundu vya kudarizi, sindano imeingia kwenye kitundu na uzi kauuma kwa meno, ama punda kabeba mchanga amebana kichochoro kizima nawe huna pa kupita. Nyumbani wanicheka, kaka yangu asema "hiyo nayo ni picha? si upige ngome!" Sasa shida yangu, jicho limezoea, kuna siku nazunguka Usita wa Mui, njia yetu kuu ya mjini, mpaka mwisho sioni kitu. Na kwenye vichochoro picha zatoka nusu nyeupe nusu giza. Nyie mwafanyaje?

fundi_mwanga:
La mwanga rahisi ndugu yangu. Gusa kwenye skrini pale panapong'aa, shikilia kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, kisha shusha mwanga kidogo. Giza utalipunguza ukiediti, lakini palipoungua pakawa peupe tupu hapana cha kurudisha. Halafu watu hudanganyana eti saa sita mchana usipige, hiyo ni ya Mkunguni, uwanja wa mbele ya ngome, na ufuoni huko, jua liko utosini na macho ya watu yote ni vivuli. Ndani ya mitaa mambo mengine kabisa, kuta zina chokaa, jua likipiga juu ya ukuta huu lamwagikia ule wa pili, chini wapata mwanga laini bure bila kulipa studio. Mimi saa sita ndio napiga watu (picha jamani, sio makofi).

dada_malindi:
Huku kwetu kila mgeni ni nguzo ya Vasco da Gama tu, na mimi pia simu ilijaa nguzo. Siku hizi nikitoka asubuhi najichagulia kitu kimoja, leo mikono basi ni mikono tu mpaka jioni. Juzi nikampata mama wa mahamri, unga umempanda mpaka kwenye bangili, anakata donge bila kuangalia huku anagombana na mteja wa mbaazi. Nimepita hapo miaka na miaka wallahi sikuwahi kuziona zile bangili.

mlango_wa_mkomani:
Mwaongea mwanga, mwaongea jicho, na ruhusa je? Kwetu kuna mlango wa nakshi, umepigwa picha kushinda bibi harusi. Sina neno, mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, tulijua watakuja. Lakini mtu asimama ndani ya daka letu, ukumbi wa mlangoni, kabisa, mama afungua hajajitanda vizuri, kamera hiyo usoni! Na wengine sio wageni, ni nyinyi watoto wa hapa. Huyo mzee wa kofia ulimuuliza?

mwana_langoni:
Nilimuuliza, na ndio balaa lilipoanza. Kaingia ndani karudi na kanzu mpya na koti, kakaa wima mikono magotini, kofia yenyewe kaiweka kando 😂 nikataka kumwambia avue.

fundi_mwanga:
Usithubutu. Mpige hivyohivyo na koti lake, uchapishe umpelekee, hiyo ni yake. Kisha kaa naye barazani, piga soga, simu mfukoni. Ataishika tu ile kofia, kazi ya watu hiyo na mwenyewe aingojea.

mlango_wa_mkomani:
Na hiyo ya pili pia umuonyeshe kabla hujaposti.